Kwa nini tunasema "Faya" wakati jeshi ni la Zimamoto?

babajunia_kimara: Wakuu za jioni. Leo nko kwenye basi la mwendokasi hapa Dar na dogo wangu wa darasa la tatu, tumepita Jangwani kituo kinachofuata watu wanasema "tushushe Faya", dogo ananiuliza baba faya ndo nini, nikamwambia zimamoto, akasema sasa si waandike zimamoto. Nikabaki natoa macho. Na hilo neno zimamoto lenyewe lilianzaje?

mkazi_upanga: Faya ni Kizungu tu mkuu, magari ya zimamoto yapo pale basi makonda wa daladala wakamaliza kazi. Zimamoto ni zima + moto, limeundwa kama vunjajungu, kitenzi na nomino vinaungana bila m- mbele. Ukimtaka mtu ndo unasema mzimamoto. Na kituo kinatokana na kutua, yaani pa kutulia mzigo.

Teja_wa_Kamusi: Msisahau lile zimamoto la mtaani, kusoma kwa zimamoto, mtihani kesho we ndo unafungua daftari leo usiku 😂 mimi diploma nzima nimeipata hivyo. Kazi ya serikali ikifanywa harakaharaka nayo wanasema ya zimamoto. Wenyewe jeshini sijui wanalichukuliaje.

shangazi_wa_Ilala: Mmeruka la muhimu. Enzi za mkoloni wazimamoto walikuwa wanaogopwa Afrika Mashariki nzima, watu waliamini wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Uganda wakawaita bazimamoto. Huku kwetu zaidi ni mumiani au chinjachinja. Na mumiani lenyewe ni la Kiajemi, asili yake dawa nyeusi kama lami, sasa uvumi ukawa dawa hiyo inatengenezwa kwa damu ya watu. Gari jekundu, watu wana yunifomu na mipira mirefu, wanakaa zamu usiku kucha na moto hauonekani, we ungefikiriaje?

mkazi_upanga: Shangazi hapo umeniweza. Ila jamani moto ukiwaka pigeni 114, msije mkaogopa damu nyumba ikaisha.

babajunia_kimara: Asanteni wakuu. Nimempigia bibi mzaa mama, ana miaka themanini na ushee, nikamuuliza zimamoto ni nini. Kanyamaza kidogo, halafu: "Nyie chekeni. Sie tukilisikia lile gari, mlango komeo, taa puu, wote uvunguni." Dogo alikuwa anasikiliza kwenye spika, sasa hataki tena kushuka Faya.