Naomba ushauri: kufundisha Mkataba wa Versailles Kidato cha Nne bila kuugeuza orodha ya kukariri

Mwalimu wa Zamu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha somo la Historia Kidato cha Nne katika shule moja ya kata, na wiki ijayo ninaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Vitabu tunavyotumia vinaupanga kwa mtindo ule ule: masharti ya ardhi, masharti ya jeshi, fidia, kisha sentensi ya kufungia isemayo kwamba mkataba huo ndio uliozaa Vita ya Pili ya Dunia. Wanafunzi wanayakariri yote hayo, wanayamwaga kwenye karatasi ya mtihani na alama wanapata, lakini ukiwauliza swali dogo la pembeni wanabaki kutazamana.

Mwaka jana nilipoandika ubaoni kwamba Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, msichana mmoja wa mbele aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo sisi tulishinda vita au tulishindwa?" Wenzake walicheka. Nilimjibu kwamba watu wa nchi hii walipigana na kubeba mizigo pande zote mbili, jibu ambalo ni kweli, lakini nadhani swali lile lilistahili kipindi kizima.

Ninaomba ushauri wa mambo mawili. Nianzie wapi ili mkataba huu usionekane ni habari ya Wazungu peke yao? Na niseme nini juu ya ile sentensi ya kufungia, ambayo mimi mwenyewe siiamini kwa asilimia mia? Nina vipindi vichache tu vya dakika 40.

Bibi Ubao

Mwalimu mwenzangu, kabla ya masharti yoyote, chora mstari wa tarehe ubaoni, kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini kwamba vita viliisha siku mkataba ulipotiwa saini. Tarehe 11 Novemba 1918 mapigano yalisitishwa Ulaya, lakini huku kwetu Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliipata habari hiyo siku 3 baadaye karibu na mto Chambeshi, akaja kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala na uko Zambia. Mkataba wenyewe ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 na ukaanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Waulize wanafunzi ni nini kilichokuwa kikiendelea katika miezi hiyo yote ya katikati. Watashangaa kusikia kwamba Waingereza waliendelea kuizingira Ujerumani baharini hadi katikati ya 1919, na kwamba Wajerumani hawakukaa mezani kujadiliana. Walikabidhiwa maandishi tarehe 7 Mei wakaruhusiwa kutoa maoni kwa karatasi tu, Waziri Mkuu wao Philipp Scheidemann akajiuzulu kuliko kukubali, na mwishowe waliotumwa kwenda kutia saini walikuwa Hermann Müller na Johannes Bell.

Kisha simama kidogo kwenye ukumbi. Saini zilitiwa katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, mahali pale pale ambapo Dola ya Ujerumani ilitangazwa Januari 1871 baada ya Ufaransa kupigwa. Na tarehe 28 Juni ndiyo siku ambayo miaka 5 kabla yake Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo, mauaji yaliyowasha vita. Mwanafunzi akishajua hayo huhitaji kumweleza Clemenceau, Waziri Mkuu wa Ufaransa, alikuwa na moyo gani, atakueleza yeye.

Jambo moja zaidi ambalo vitabu hulipita haraka: huu ni mkataba na Ujerumani peke yake. Austria, Hungaria, Bulgaria na Waturuki kila mmoja alipewa wake.

Fundi Mitihani

Yote mazuri, lakini tukumbuke kwamba mtoto huyu ana karatasi ya taifa mbele yake. Mtahini anataka hoja zilizo wazi: jeshi lisizidi watu 100,000, hakuna ndege za kivita wala nyambizi, Alsace na Lorraine zirudi Ufaransa, Rhineland, yaani eneo la Ujerumani kando ya mto Rhine, isiwe na askari, bonde la Saar liwe chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kwa miaka 15. Mwalimu akizama kwenye visa vya kuvutia, anaweza kumaliza vipindi vyake bila kuyafikisha haya, na anayeumia ni mwanafunzi.

Mtu wa Kalenga

Ninaheshimu hofu ya Fundi Mitihani, lakini swali la kwanza la mleta uzi lina jibu ndani ya mkataba wenyewe, nalo ni Ibara ya 246. Mkataba una ibara 440, na kati ya reli, mito, makaa ya mawe na madeni, ibara hii inaitaka Ujerumani itimize mambo mawili ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kutumika. La kwanza ni kumrudishia Mfalme wa Hejaz, huko Uarabuni, Kurani ya Khalifa Uthman ambayo iliondolewa Madina. La pili ni kuikabidhi serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililotolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani likapelekwa Ujerumani.

Soma ibara hiyo darasani kwa sauti, kisha nyamaza. Wanafunzi wanamfahamu Mtwa Mkwawa tangu shule ya msingi: wanajua Lugalo, Agosti 1891, ambako Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na wanajua kwamba mwaka 1898 alijipiga risasi badala ya kukamatwa. Hawajui kwamba kichwa chake kiliwekwa katika mkataba mmoja na mipaka ya Poland. Hapo umewaingiza ndani ya mkataba kwa mlango wao wenyewe.

Kazi ya kihistoria inaanza unapowauliza fuvu linakabidhiwa kwa nani. Ibara haisemi Wahehe, wala haisemi familia ya Mkwawa. Inasema serikali ya Uingereza. Wazo hilo lilitoka kwa Horace Byatt, aliyekuwa akisimamia eneo lililotekwa, ambaye mwaka 1918 aliiandikia London akipendekeza fuvu lirudishwe, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani na kwa kuwa tendo hilo lingewaonyesha wenyeji kwamba Mjerumani ameondoka na harudi. Kwa hiyo hata sharti linaloonekana ni la huruma lilikuwa na hesabu zake za utawala. Mwanafunzi anayeona hilo katika ibara fupi ataliona pia katika zile ndefu.

Na sharti halikutekelezwa. Ujerumani ilidai haina uhakika fuvu liko wapi, Waingereza hawakulifuatilia sana, miezi 6 ikageuka zaidi ya miaka 30. Ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyekwenda katika makumbusho ya Bremen, ambako fuvu moja lilichaguliwa kati ya mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa hapa Kalenga, karibu na Iringa, mwezi Juni 1954. Liko kwenye makumbusho yetu mpaka leo, ingawa wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Darasa la Kidato cha Nne linaweza kabisa kuibeba shaka hiyo, msiwafiche.

Kutoka Gitega

Ninawasalimu kutoka Burundi. Nakubaliana na Mtu wa Kalenga, ila naomba mwalimu asiiache Ibara ya 119, ambayo ndiyo iliyoamua maisha ya babu zetu wote. Wengi hufundisha kwamba Versailles iliipa Uingereza Tanganyika na Ubelgiji Ruanda-Urundi. Ukiisoma ibara yenyewe, hayo hayamo. Inasema Ujerumani inaachia haki zake zote juu ya makoloni yake kwa Mataifa Makuu ya Muungano, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani. Ubelgiji hata haimo katika orodha hiyo, wakati majeshi yake kutoka Kongo ndiyo yaliyofika Tabora mwaka 1916. Mgawanyo ulifanyika pembeni, katika mazungumzo ya Mei 1919 kati ya Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, na Ureno ikaambulia pembe ya Kionga kusini mwa Ruvuma. Baadaye ndipo Shirikisho la Mataifa likabariki: hati ya udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika ilithibitishwa Julai 1922.

Weka ramani ya zamani ya koloni la Kijerumani ukutani na uwape chaki za rangi wagawe wenyewe. Halafu wasome Ibara ya 22, inayosema juu ya watu ambao eti bado hawawezi kusimama peke yao. Waulize nani aliyewapima watu hao, na kwa kipimo gani, maana hakuna Mtanganyika wala Mrundi aliyeitwa Paris.

Mwalimu wa Zamu

Ninashukuru sana. Ibara ya 246 nilikuwa nikiisikia tu, sikuwahi kufikiria kuifanya mlango wa somo. Bado ninasumbuliwa na lile la pili. Kila kitabu kinasema fidia iliikamua Ujerumani mpaka Hitler akatokea. Je, nifundishe hivyo?

Karani wa Takwimu

Fundisha kwa tarakimu, ndugu yangu, kwa sababu tarakimu zinaikataa njia hiyo ya mkato. Kwanza, mkataba wenyewe hautaji kiasi cha fidia. Ibara ya 231 inaibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita, na kila mwanafunzi anaijua. Ibara inayofuata, ya 232, inakiri kwamba mali ya Ujerumani haitoshi kulipa hasara zote, na hiyo karibu hakuna anayeisoma. Kiasi kilitajwa London Mei 1921: marki za dhahabu bilioni 132. Lakini bilioni 82 kati ya hizo ziliwekwa katika fungu ambalo waliolipanga wenyewe hawakutarajia lilipwe. Lilikuwa la kuwatuliza wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza. Mwaka 1924 malipo yalipangwa upya kwa Mpango wa Dawes, 1929 ukaja wa Young, na 1932 mkutano wa Lausanne uliyafuta kwa vitendo. Hitler aliingia madarakani Januari 1933, fidia ikiwa imekwisha kusimama.

Pili, waandikie ubaoni kura za chama cha Nazi. Mei 1928, karibu miaka 9 baada ya saini, kilipata chini ya asilimia 3. Septemba 1930, asilimia 18. Julai 1932, zaidi ya asilimia 37. Kisha uliza ni nini kilichobadilika kati ya 1928 na 1932, maana mkataba ulikuwa ule ule. Watakutajia wenyewe Mdororo Mkuu wa Uchumi, ambao nao umo katika muhtasari wenu.

Bibi Ubao

Karani amesema vema, ila tusivuke mpaka tukaufanya mkataba hauna lake. Hitler aliutumia jukwaani kila alipopata nafasi, na alipata wasikilizaji kwa sababu hata Wajerumani waliomchukia waliiona Ibara ya 231 kuwa ni aibu. Mimi huwaambia wanafunzi wapime ukali wa mkataba kwa kuulinganisha na ule ambao Ujerumani yenyewe iliwatwisha Warusi huko Brest-Litovsk Machi 1918, uliowanyang'anya Poland, nchi za Baltiki na Ukraine. Hapo kilio cha Berlin kinasikika kwa namna nyingine.

Na kuna upande wa utekelezaji, ambao kwangu ndio uzito wa jambo. Seneti ya Marekani iliukataa mkataba, na ahadi ya kuilinda Ufaransa ikafa pamoja nao. Machi 1935 Hitler alirudisha jeshi la lazima, Machi 1936 akaingiza askari Rhineland, na hakuna aliyemzuia. Mwanafunzi anayeandika kwamba mkataba ulikuwa mkali mno aelezwe pia kwamba masharti yake ya kijeshi yalivunjwa mchana kweupe bila adhabu.

Fundi Mitihani

Kwa hilo la mwisho ninakubali, tena linaandikika. Mpe mwanafunzi swali la insha kama hili: "Jadili kwa kiasi gani Mkataba wa Versailles ulichangia kuzuka kwa Vita ya Pili ya Dunia." Masharti yote anayopaswa kukariri yatapata nafasi katika hoja zake, na tarakimu za Karani zitampatia upande wa pili. Ninachosisitiza ni kwamba ayaandike kwanza masharti, kwa sababu mtahini hatampa alama za fuvu la Mkwawa kama hajataja jeshi na fidia.

Mwalimu wa Zamu

Basi nimepanga hivi: kipindi cha kwanza Ibara ya 246 pamoja na mstari wa tarehe wa Bibi Ubao, cha pili ramani na Ibara ya 119 na ya 22, nikisogea kidogo hadi Nyerere mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York mwaka 1955, kwa kuwa aliweza kusimama pale kutokana na hadhi hiyo hiyo ya udhamini ambayo Kenya, koloni la kawaida, haikuwa nayo. Vinavyobaki ni vya masharti, fidia na insha. Shuleni hatuna intaneti ya kutegemea. Nitayapata wapi maandishi ya ibara hizo?

Kutoka Gitega

Mkataba wote umo katika maktaba ya mtandaoni ya Avalon ya Chuo Kikuu cha Yale, bure kabisa. Usichapishe yote. Ukienda mjini, toa ibara za 22, 119, 231, 232 na 246 peke yake. Ya 22 ndiyo ndefu kidogo, nyingine ni fupi mno, na kwa maandishi madogo zote zinaweza kukaa pande mbili za karatasi moja. Dawati la wanafunzi watatu linatosheka na nakala moja. Ibara ya 246 iweke juu kabisa, na jina la Mkwawa usilipigie mstari. Waache walitafute wenyewe.