Je, ni haki kulihukumu toleo la kwanza la komiki katika wiki ile ile linapotoka?

Msomaji wa Kisauni (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mmoja wa wanaoandaa uhakiki wa kila wiki katika kikundi chetu cha wasomaji wa komiki za mashujaa hapa Mombasa. Kama mnavyofahamu, matoleo mapya ya kampuni kubwa za Marekani huingia madukani siku ya Jumatano. DC, wachapishaji wa Batman, walihamia Jumanne mwaka 2020 baada ya kuachana na msambazaji wao wa miaka mingi, lakini mwezi Julai 2024 walirejea Jumatano, kwa hiyo kazi yetu yote sasa inaangukia siku moja. Tunasoma nakala za kidijitali, tunajadiliana, kisha uhakiki unatolewa usiku huo huo.

Katika kikundi tumefika mahali tunavutana. Baadhi ya wenzetu wanashikilia kwamba kulipatia alama toleo la kwanza la hadithi itakayoendelea kwa miezi mitano au sita ni kumwonea mwandishi, kwa sababu hakuna anayejua anaelekea wapi. Wao wangependa tusubiri hadithi ikamilike, au hata ikusanywe katika kitabu kimoja. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tunaona kwamba uhakiki unaokuja baada ya nusu mwaka haumsaidii msomaji ambaye leo anataka kujua atoe fedha zake kwa toleo lipi na aliache lipi. Zaidi ya hapo, kuna lalamiko kwamba uhakiki wetu mwingi ni kusimulia upya yaliyotokea, ukurasa kwa ukurasa, na mwishoni kubandika alama juu ya kumi.

Naomba wenye uzoefu mniambie: katika toleo moja la kurasa ishirini na kitu, ni kitu gani hasa mhakiki anaweza kukipima kwa haki siku ile ile linapotoka? Tafadhali tumieni mifano ya matoleo tunayoyafahamu, ili mjadala usibaki hewani.

Fundi Wino

Ndugu Msomaji wa Kisauni, mimi naunga mkono uhakiki wa Jumatano, kwa sharti kwamba kinachohakikiwa kiwe ni toleo lenyewe na wala si hadithi tunayoitarajia. Toleo la kwanza la Absolute Batman lilipotoka tarehe 9 Oktoba 2024 liliuzwa kwa dola 4.99. Aliyetoa fedha hizo hakununua hadithi ya mwaka mzima. Alinunua kurasa alizozishika mkononi, na ana haki ya kuuliza kurasa hizo zimempa nini.

Tulitazame toleo hilo kwa karibu. Mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta wamemnyang'anya Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, jumba, utajiri na mtumishi wa nyumbani. Amekuwa mhandisi, kijana wa tabaka la wafanyakazi. Mama yake yu hai, na baba yake, aliyekuwa mwalimu, aliuawa kwa risasi siku aliyowapeleka wanafunzi wake kutembelea bustani ya wanyama. Haya ni mabadiliko ya hadithi, na mhakiki mvivu ataishia kuyaorodhesha. Mimi ningemtaka aende hatua moja mbele aonyeshe jinsi mabadiliko hayo yalivyoingia katika mchoro. Batman wa Dragotta ni mpana kiasi kwamba fremu, yaani kisanduku cha picha, humwia finyu. Nembo ya popo iliyo kifuani mwake si pambo: ni bapa zito la chuma ambalo katika pambano hulichomoa na kulitumia kama shoka. Huyu ni mtu asiyeweza kununua silaha za kisasa, basi vazi lenyewe ndilo analoligeuza kuwa silaha, na msomaji analielewa hilo kwa macho kabla hajaambiwa kwa maneno. Jambo la namna hiyo linaweza kupimwa Jumatano usiku bila kumwonea mtu yeyote, kwa kuwa lolote litakalotokea katika toleo la pili au la kumi halitabadilisha ukweli kwamba ukurasa ule ulifanya kazi yake.

Upungufu nao unapimika vivyo hivyo. Katika toleo hilo hilo masimulizi ya Alfred, ambaye hapa ni jasusi anayemchunguza Batman na si mtumishi wake, yanabeba maneno mengi kuliko nionavyo kuwa ni lazima. Kuna mahali picha imekwisha kusema, na kisanduku cha maelezo kinakuja kurudia. Kusema hivyo hakuhitaji kusubiri mwisho wa hadithi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: pima uwazi wa kusimulia kwa picha, pima kama wahusika wametambulishwa kwa matendo au kwa maelezo, pima rangi na mpangilio wa fremu, kisha pima kama ukurasa wa mwisho unakupa hamu ya haki au unakukatisha tu katikati ya sentensi. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu zipo komiki nyingi ambazo toleo la kwanza si mwanzo wa kitu chochote. Ni robo ya sura iliyokatwa pale kurasa zilipokwisha.

Mpenda Fremu

Kaka Fundi Wino ameeleza vizuri, ila naomba nitofautiane naye mahali pamoja. Amesema yatakayotokea baadaye hayabadilishi thamani ya ukurasa uliokwisha kuchapishwa. Kwa Absolute Batman nakubali. Lakini tukumbuke yaliyotokea kiangazi cha mwaka 2019, Jonathan Hickman alipoandika mfululizo pacha wa House of X na Powers of X, unaohusu kikosi cha mashujaa wa X-Men, uliokuwa ukitoka kila wiki kuanzia tarehe 24 Julai hadi tarehe 9 Oktoba.

Toleo la kwanza la Powers of X lilitoka tarehe 31 Julai, likiwa limechorwa na R. B. Silva. Mwanzoni mwake kuna tukio tulivu: Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, akiwa kijana ameketi kwenye benchi katika viwanja vya tamasha, mwanamke anamjia, anaketi karibu naye, wanazungumza, na mwanamke huyo anamwambia asome mawazo yake. Msomaji wa wiki ile aliliona kama utangulizi wa kupendeza, kisha akaharakisha kwenda kwenye vita vya wakati ujao vinavyojaza sehemu kubwa ya toleo. Wiki moja baadaye, tarehe 7 Agosti, likaja toleo la pili la House of X, lililochorwa na Pepe Larraz, na humo tukafahamu kwamba mwanamke yule ni Moira MacTaggert, ambaye tangu alipoanza kuonekana mwaka 1975 tulimjua kuwa binadamu wa kawaida, kumbe ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida, anayekufa na kuzaliwa upya akiwa na kumbukumbu za maisha yake yote yaliyotangulia. Benchi lile likageuka kuwa kiini cha hadithi nzima. Fremu zilikuwa zile zile, mstari na wino vile vile, lakini maana yake haikuwa tena ile tuliyoisoma siku saba kabla.

Tena katika toleo hilo kulikuwa na mchoro wa nyakati uliopanga maisha ya Moira moja baada ya jingine, na maisha ya sita hayakuwamo. Pengo hilo halikuzibwa mpaka toleo la mwisho la Powers of X. Mhakiki aliyeandika tarehe 7 Agosti kwamba mchoro ule una kasoro angekuwa amemshutumu mwandishi kwa jambo alilolikusudia. Na aliyeupita bila kuutazama angekuwa amewanyima wasomaji wake dokezo kubwa kuliko yote.

Kwa msingi huo, mimi siombi uhakiki usubiri. Ninachoomba ni kwamba mhakiki wa kila wiki atenganishe mambo mawili katika maandishi yake: anachokihukumu, na anachokiuliza. Akiona tukio ambalo halijapata kazi yake, aandike wazi kwamba tukio hili bado linadai malipo, na wiki hadithi inapokamilika arudi kwenye maandishi yake ya awali aseme kama deni limelipwa. Wahakiki wachache sana hurudi. Toleo la kwanza hupewa maneno elfu, la pili mia tano, la tano halitajwi kabisa, ilhali la tano ndilo linaloonyesha kama mwandishi alikuwa na mpango au alikuwa akipapasa gizani.

Mwalimu wa Nakuru

Ninaongeza jambo ambalo wahakiki walioko Marekani hulipita haraka, nasi hatuna sababu ya kulipita. Tarehe 2 Oktoba 2024, wiki moja kabla ya Absolute Batman, Marvel, wachapishaji wa X-Men, walitoa toleo la kwanza la mfululizo wa Storm, ulioandikwa na Murewa Ayodele, ambaye ni Mnaijeria, na kuchorwa na Lucas Werneck kutoka Brazili. Storm, shujaa wa kike wa X-Men anayetawala hali ya hewa, anatuhusu. Katika toleo la mwaka 1975 lililomtambulisha, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, Profesa Xavier anamkuta Kenya, ambako wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua. Mwaka uliofuata, katika X-Men namba 102, Chris Claremont na Cockrum walieleza kwamba mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme wa Kenya, baba yake ni mpigapicha Mmarekani, na kwamba wazazi hao waliuawa Cairo wakati wa mgogoro wa Suez, nyumba yao ilipoangukiwa na ndege. Mtoto alibaki amefukiwa chini ya kifusi pamoja na mwili wa mama yake, na hofu yake ya mahali palipobana ilianzia hapo.

Ninayasimulia haya kwa sababu mhakiki anayemwandikia msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipima toleo la Storm kwa mpangilio wa fremu peke yake. Kenya ile ya mwaka 1975 haina mji wala barabara, haina hata jina la kabila au la mto. Ni mandhari ya watu waliopiga magoti. Kila mwandishi anayempokea Storm anarithi picha ile, na swali la haki la kumwuliza ni kwamba ameifanyia nini. Ayodele hakuanzia Afrika. Ameanzia Oklahoma City, kwenye ajali ya nyuklia, na Storm yake ni mtu anayepaswa kuamua jambo mbele ya umma wenye hofu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa kuwa unamtoa katika nafasi ya kuabudiwa na kumweka katika nafasi ya kuwajibika. Werneck naye anampa uso wenye uchovu na mashaka, si ule wa sanamu ya shaba tuliouzoea. Hayo ningeyaandika siku ile ile ya Jumatano bila wasiwasi wowote.

Kuhusu kulipatia toleo alama juu ya kumi, sioni faida yake kubwa.

Msomaji wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Dada Mpenda Fremu, wazo la kutenganisha hukumu na swali nitalifikisha kikundini, pamoja na sharti la kurudi hadithi inapokamilika, ingawa najua hilo litaleta ubishi kwa sababu ya wingi wa matoleo. Mwalimu, umenikumbusha kwamba wasomaji wetu hawasomi kutoka New York.

Limebaki lile la kusimulia upya. Mhakiki aseme kiasi gani cha hadithi? Akisema kidogo mno, msomaji haelewi hoja. Akisema kingi, anamwondolea uhondo.

Fundi Wino

Kwanza nimjibu Dada: mfano wa benchi ni mzito, na naukubali. Ukurasa unaweza kuwa na kazi iliyofichwa, na mhakiki anapaswa kuacha nafasi kwa hilo.

Kuhusu kusimulia, mimi hutumia kipimo cha kile ambacho mchapishaji mwenyewe amekwisha kukitangaza. Toleo la kwanza la Ultimate Spider-Man lilipotoka tarehe 10 Januari 2024, kila mtu alikuwa ameshaambiwa kwamba Peter Parker huyu, ambaye ndiye Spider-Man, ni mtu mzima, amemwoa Mary Jane na wana watoto wawili. Hayo unaweza kuyaandika katika sentensi ya kwanza. Lakini kwamba katika ulimwengu huu Mjomba Ben ndiye aliye hai na Shangazi May ndiye aliyefariki, kinyume cha hadithi ya zamani ya walezi hao wa Peter, hilo ni jambo ambalo msomaji anastahili kulikuta mwenyewe, na katika wiki ya kwanza ningeandika tu kwamba familia ya Peter imepangwa upya kwa namna inayomgusa mtu aliyeifahamu ile ya zamani. Baada ya mwezi ningelitaja waziwazi, maana bila hilo huwezi kueleza kwa nini mazungumzo kati ya Ben na mhariri wa gazeti J. Jonah Jameson ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote katika toleo hilo. Marco Checchetto anawachora wazee wawili, marafiki, wakizungumza kuhusu kazi ya uandishi wa habari na kuhusu kuacha kazi hiyo, na hakuna anayeruka juu ya paa lolote kwa kurasa nyingi. Bado ukurasa hauchoshi, kwa sababu nyuso zinasema.

Hapo ndipo ningependa maneno mengi ya uhakiki yatumike. Chagua ukurasa mmoja, eleza macho yanaanzia wapi na yanaishia wapi, kiputo kipi cha maneno kinasomwa kwanza na kwa nini, rangi inabadilika katika fremu ipi. Sentensi tatu za muhtasari zinatosha kumfikisha msomaji kwenye ukurasa huo. Na tafadhali mtaje mtia rangi na mwandika herufi pamoja na mwandishi na mchoraji. Katika Absolute Batman ni Frank Martin na Clayton Cowles, na nimesoma uhakiki mwingi wa toleo lile ambao uliisifu rangi kwa dhati bila kumtaja aliyeitia.