Roysambu, katikati ya jiji au Kilimani: tulale wapi wakati wa AFCON 2027?

Mkaaji wa Likoni

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi na familia yangu tumekusudia kutoka Mombasa kuja Nairobi kutazama Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zitaliandaa kwa pamoja. Nimeonyeshwa mahali patatu: nyumba yenye samani zote huko Roysambu, vyumba vya gesti katikati ya jiji karibu na River Road, na fleti moja Kilimani. Mwenye nyumba ya Roysambu ananihimiza nilipe nusu ya kodi sasa hivi, akisema kwamba baadaye bei itapanda mara mbili, naye anataka jibu mwisho wa wiki hii. Wenyeji, mnanishauri nichague wapi?

Fundi wa Zimmerman

Wa aleikum salaam. Ndugu, umetueleza mitaa lakini hukutueleza safari. Mko wangapi, mtakaa siku ngapi, mna gari au mtapanda matatu, na mechi mnazozitaka zitachezwa uwanja gani? Mimi ningekupeleka Roysambu bila kusita, kwa kuwa kutoka hapo hadi uwanja wa Kasarani mtu mwenye miguu mizima hufika kwa miguu, na siku ya mechi kubwa hilo ni jambo la thamani kuliko zulia la hoteli.

Mwalimu Mstaafu

Swali la uwanja ndilo la msingi, naomba lisirukwe. Kasarani iko kaskazini mashariki ya jiji, kando ya Thika Road, ilhali uwanja mpya wa Talanta, uliokusudiwa kuchukua watu 60,000, uko Jamhuri upande wa Ngong Road, kusini magharibi. Anayelala Roysambu na mechi yake iko Talanta atalazimika kulipita jiji zima wakati ambapo kila mtu analipita, na anayelala Kilimani na mechi yake iko Kasarani atapata taabu hiyohiyo kwa upande wa pili. Mpaka droo ifanyike na ratiba itolewe, hakuna mtu wa kukuambia kwa yakini kwamba mtaa fulani ndio bora.

Mkaaji wa Likoni

Shukrani, Mwalimu. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua. Tutakuja kwa treni, na tunataka kuona mechi za makundi za Harambee Stars, timu yetu ya taifa, popote zitakapochezwa. Nyumba ya Roysambu iko ghorofa ya nne.

Dereva wa Thika Road

Ghorofa ya nne yenye lifti au isiyo na lifti? Majengo mengi ya upande wetu hayana, na hata palipo na lifti, umeme ukipotea mama atabaki juu. Ongeza hapo kwamba matatu hukushusha kando ya barabara kuu, na ikiwa nyumba iko upande wa pili itawabidi mpande daraja la wapita njia, mkiwa na mizigo. Huyu bwana ametaja magoti ya mama mwishoni kabisa, lakini kwangu mimi hilo ndilo linalopaswa kuamua.

Shangazi wa Umoja

Mwanangu, usilipe nusu ya kodi kabla hujasoma maneno yangu. Agosti 2025, wakati wa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kaka yangu alikuja kutoka Kisumu na wanawe kuona Kenya ikicheza na Morocco pale Kasarani, na nyumba yao ilikuwa imekodishwa wiki kadhaa kabla kupitia kijana mmoja aliyetuma picha nzuri sana za sebule, jiko na roshani. Malipo ya awali yalitumwa kwa M-Pesa, kwenye namba ya mtu binafsi, bila mkataba wala hata ujumbe ulioandika tarehe. Walipofika jioni wakiwa wamechoka na basi, keyateka, yaani mtunza jengo, aliwaambia langoni kwamba nyumba ile ina watu tangu asubuhi, watu waliokubali kulipa zaidi. Yule kijana alipopigiwa alisema kwamba amewatafutia nyingine iliyo sawa na ile. Hiyo nyingine ilikuwa mbali, haina tone la maji mferejini, na ndoo mbili zilizokuwa bafuni zilikuwa za jirani. Waliomba pesa zao, naye akazima simu. Tulijaribu kuzirudisha kupitia 456, namba ya kuomba M-Pesa irudishe pesa, lakini huduma ile imewekwa kwa aliyekosea namba, wala haikuwekwa kuamua mapatano yaliyovunjwa. Usiku ule watu sita walilala kwangu, wengine juu ya mikeka, na watoto waliingia uwanjani kesho yake wakiwa na usingizi. Kenya ilishinda 1-0 na furaha ikawa kubwa, lakini pesa zile hazikurudi hata senti.

Kwa hiyo anayekuhimiza ulipe kabla ratiba haijatoka, muulize kwanza atakupa karatasi gani.

Binti wa Kilimani

Pole sana, shangazi. Hayo ndiyo yanayonifanya nipendekeze huku kwetu. Majengo mengi ya Kilimani yana lifti, jenereta na kisima, na mlinzi wa lango huandika jina la mgeni kitabuni, hivyo ni vigumu mtu kukupangisha nyumba isiyo yake. Ukipata mechi za Talanta utakuwa jirani. Bei ni ya juu kuliko Roysambu, sikatai, lakini kwa mama mgonjwa wa magoti tofauti hiyo ina maana.

Dereva wa Thika Road

Dada, jenereta hazimfikishi mtu Kasarani. Toka Kilimani saa tisa alasiri siku ya mechi, halafu utuambie ulifika saa ngapi. Familia ya watu watano haitaingia teksi moja ndogo, kwa hiyo ni teksi mbili kwenda na mbili kurudi, na wakati huo nauli za programu za simu huwa zimepanda.

Fundi wa Zimmerman

Nami niseme neno kuhusu bei, maana wenye nyumba wamelaumiwa vya kutosha. Ninapangisha nyumba moja kwa siku, na wageni wanapojaa ninanunua boza la maji, tokeni za umeme zinakwisha upesi, na mwoshaji wa shuka anapandisha ujira wake. Naivasha wakati wa Safari Rally bei za vyumba hupanda kila mwaka, na watu bado huenda.

Shangazi wa Umoja

Kupandisha bei mapema na kuitangaza ni biashara, Fundi, na sina ugomvi nayo. Kumtoa nje mtu aliyekwisha kulipa ni dhuluma. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nao walikusudia mwenyeji apone kwa haki.

Mwalimu Mstaafu

Turudi kwa ndugu yetu wa Likoni. Gesti ya katikati ya jiji hatujaijadili, nami naitetea. Matatu za kwenda Kasarani na za kwenda Ngong Road zote huanzia mjini, kwa hiyo hata ratiba ikija tofauti na matarajio, hutakuwa umejifunga upande mmoja. Vilevile, treni ya alasiri kutoka Mombasa hufika Syokimau usiku, na kutoka huko mjini ni karibu kuliko Roysambu. Hata hivyo, River Road yenyewe ina kelele usiku kucha, na sipendi kuwaona watoto pale baada ya mechi. Tafuta mitaa ya juu zaidi, upande wa Chuo Kikuu, na uombe chumba cha ghorofa ya chini.

Jambo jingine ni tiketi. Wakati wa CHAN, baada ya watu kuvunja ulinzi milangoni, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 na tiketi zikawa za kielektroniki pekee. Chumba kilicholipiwa bila tiketi mkononi ni hasara tupu, kwa hiyo tafuta mahali panapokubali kuahirisha bila kukata pesa.

Mkaaji wa Likoni

Nimewasikia nyote, na ninawashukuru kwa moyo mkunjufu. Nimempigia mwenye nyumba wa Roysambu: hakuna lifti, na amekataa kuandika mkataba mpaka apokee pesa. Kilimani wanakubali kuahirisha lakini wanataka tukae siku zisizopungua saba. Mke wangu anaelekea gesti ya mjini, mama anasema atalala popote mradi kuna maji ya moto, kwa sababu amesikia baridi ya Nairobi ya katikati ya mwaka.

Binti wa Kilimani

Siku saba zinaweza kuzungumzwa. Waulize kama watakubali nne, na uulize pia kama kuna hita bafuni au ni birika tu.

Dereva wa Thika Road

Na kabla ya kuuliza hayo, tuambie bajeti yako kwa usiku mmoja ni shilingi ngapi. Mpaka sasa hujaitaja.