Ahmedabad: Tumelipa kuoneshwa mji, mwongoza watalii akamfuta Mwafrika aliyejenga msikiti

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimerudi juzi kutoka India nilikompeleka mama kwa matibabu, na hili jambo limenikaa kooni.

Mama alipopata nafuu tukapata siku moja ya kuzunguka Ahmedabad, mji wa Sultani Ahmad Shah tangu 1411, UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia 2017. Tukalipa kampuni ya utalii, bei ya mgeni. Mwongoza watalii akatupeleka Lal Darwaza kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, bajaji na pikipiki zinapiga honi pande zote. Lakini inueni macho muone madirisha ya ukuta wa kibla! Jiwe limetobolewa likawa mti, matawi yamesukana kama ukili, mwanga unapenya katikati. Mama alishika mtandio mdomoni, kimya. Mti huo umekuwa alama ya mji mzima.

Nikauliza, huyu Sidi Saiyyed alikuwa nani? "Tajiri wa zamani, Mwajemi."

Mwajemi! Kule Gujarat, jimbo lenye mji huu, Sidi ndilo jina la watu wenye asili ya Afrika! Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, alifika Gujarat akitokea Yemen, akawatumikia wakuu wa usultani, akajenga msikiti huu mnamo 1573, Akbar, mfalme wa Mughal, alipokuwa anauteka usultani wenyewe. Tazameni dirisha la katikati: limezibwa kwa mawe matupu. Wengi husema vita ndivyo vilivyokatiza kazi. Hata hilo hakutuambia, nilisoma mwenyewe hotelini usiku.

Tukapita minara ya Sidi Bashir karibu na stesheni, ile ambayo ukitikiswa mmoja, mwenzake nao unatetemeka (siku hizi hairuhusiwi kupanda). Sidi wa pili huyo kwa siku moja! Neno hakuna. Msikiti wa Ijumaa wa 1424 tukauona kupitia dirisha la gari. Muda wetu uliliwa na duka la nguo, karibu saa nzima, na mama mguu umevimba, anabembelezwa anunue sari. Bila shaka jamaa alikuwa na chake pale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Masidi wapo Gujarat mpaka leo. Wanazuru kaburi la walii wao Bava Gor kule Ratanpur, na uchezaji wao wa ngoma wanauita goma. Goma! Mama ni mtu wa Tanga, kakulia kwenye ngoma. Nilipomsomea hilo usiku ule aliniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akasema, "Na sisi tumepelekwa dukani."

Nimeiandikia kampuni kudai nusu ya pesa, wamejibu eti ziara ilikamilika. Sikubali, nitaandika tena.

Mwenye kumjua mwongoza watalii wa kule anayewafahamu Masidi, aweke mawasiliano ya ofisi yake hapa. Mama ana kliniki tena mwezi wa nane, na safari hii anataka kufika Ratanpur.