Jaribio la kivinjari linafeli kabla moduli ya WebAssembly haijawa tayari: nisubiri nini?

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatengeneza mfumo wa wavuti kwa ajili ya makarani wa chama cha ushirika cha msingi huko Mbozi wanaopokea kahawa ya maganda. Karani anaingiza uzito uliosomwa kwenye mizani, mfumo unaondoa uzito wa gunia tupu, unakokotoa malipo ya mkulima na kuandaa stakabadhi. Hesabu zote nimeziandika kwa lugha ya programu ya Rust na kuzikompaili (kuzigeuza) kuwa moduli ya WebAssembly, yaani faili la msimbo ambalo kivinjari huliendesha chenyewe, kwa sababu mtandao wa vijijini hukatika na nilitaka hesabu ifanyike ndani ya kivinjari chenyewe bila kuitegemea seva.

Ninakokwama ni kwenye majaribio ya kujiendesha, ambayo nimeyaandika kwa Playwright, chombo kinachokiendesha kivinjari kana kwamba ni mtumiaji. Kwenye kompyuta yangu yanafaulu yote, lakini yakiendeshwa kwenye seva ya majaribio baadhi hufeli leo na kufaulu kesho, ilhali msimbo haujaguswa. Kitufe cha "Kokotoa" kinabonyezwa, sehemu ya malipo inabaki tupu, wala hakuna kosa linaloonekana. Nimeweka subira ya sekunde chache baada ya ukurasa kufunguka. Kufeli kumepungua, hakujaisha. Je, niongeze muda, au ipo njia ya kujua kwa hakika kwamba moduli iko tayari?

Fundi wa Gangilonga, Iringa

Ndugu yangu, usiongeze sekunde hata moja, na hizo ulizoweka ziondoe. Kivinjari hutangaza kwamba ukurasa umekwisha kupakiwa pale vitu vilivyotajwa ndani ya HTML, yaani mitindo, picha na hati, vinapokuwa vimefika; faili la WebAssembly linaloombwa na JavaScript kwa wakati wake halimo katika hesabu hiyo. Nalo likishafika, bado linapaswa kukompailiwa kwa ajili ya mashine husika na kutengewa kumbukumbu, na ndipo fanksheni zake zinapoweza kuitwa. Kwenye kompyuta yako yote hayo hupita kabla hujapepesa macho. Kwenye seva yenye kazi nyingi hayapiti hivyo.

Playwright, kabla ya kubonyeza, huhakikisha kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia mahali pake, hakijafunikwa na kitu kingine na hakijazimwa. Kitufe chako kilitimiza masharti hayo yote tangu HTML ilipofika, kwa hiyo kilibonyezwa wakati nyuma yake hakuna wa kuitikia. Kizime ndani ya HTML yenyewe kwa sifa ya `disabled`, kisha ukiwashe katika mstari unaofuata mara moja baada ya moduli kumaliza kuanzishwa na vitendo vyake kuunganishwa. Playwright itasubiri yenyewe hadi kiwashwe, nawe hutahitaji kuandika subira yoyote.

Naomba pia ulitazame jambo hili kwa upande wa karani. Yeye naye, mtandao ukiwa mzito, anabonyeza kitufe kinachoonekana kimewashwa na hapati kitu, huku wakulima wamepanga foleni mbele ya mizani. Kwa maoni yangu jaribio lako limegundua kasoro ya kweli ya mfumo, na ile subira ilikuwa inaificha.

Mtunza seva, Njombe

Ninaunga mkono aliyetangulia, na ningependa kuongeza kuhusu nini hasa kipimwe ndani ya kivinjari. Kanuni za malipo zipime nje, kwa `cargo test` ya kawaida, yaani amri ya Rust ya kuendesha majaribio, kwa kuwa ni za haraka na makosa yake husomeka vizuri. Kivinjari kibakie na lile ambalo jaribio la nje haliwezi kuliona, nalo ni mpaka kati ya moduli na JavaScript. Kama unahifadhi uzito kwa gramu katika namba kamili za biti 64, zitatokea upande wa JavaScript zikiwa za aina ya BigInt, yaani namba kamili kubwa zisizochanganyika na namba za kawaida. Ukizijumlisha na namba ya kawaida, au ukizipitisha kwenye `JSON.stringify`, unapata TypeError, yaani kosa la aina ya data. Upande wa Rust kila kitu kitaonekana salama kabisa.

Kuna kasoro nyingine inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haipigi kelele. Kumbukumbu ya moduli hupanuliwa kwa kurasa za baiti 65,536. Inapopanuka, bafa ya zamani (eneo la kumbukumbu) ambayo JavaScript ilikuwa imeishika hutenganishwa, na safu yoyote iliyojengwa juu yake inakuwa na urefu wa sifuri. Jaribio lenye mistari mitano ya mapokezi halitaifikisha kumbukumbu huko. Daftari la msimu mzima laweza kuifikisha, na jumla inayopatikana kwa kujumlisha safu hiyo itaandikwa 0 kwenye skrini bila kosa lolote. Kwa hiyo andaa jaribio moja lenye mapokezi mengi, kisha ulinganishe jumla inayoonekana na ile unayoijua.

Vilevile sikiliza tukio la `pageerror`, ambalo Playwright hulitoa kosa lisilodakwa likitokea ndani ya ukurasa, katika kila jaribio na ulifelishe jaribio likitokea. Rust ikishindwa ghafla ndani ya moduli, kivinjari hutoa RuntimeError, lakini ukurasa hubaki umesimama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkazi wa Uyole, Mbeya

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimekizima kitufe kama nilivyoelekezwa na majaribio yanapita. Sasa nataka kuthibitisha kwamba yangepita hata moduli ikichelewa sana, bila kungoja siku ambayo seva itakuwa nzito. Inawezekana?

Fundi wa Gangilonga, Iringa

Inawezekana. Tumia `page.route` kulikamata ombi la faili linaloishia na .wasm, lishikilie, hakikisha kwamba kitufe bado kimezimwa, kisha uliachie liendelee na uhakikishe kwamba kimewashwa. Ongeza jaribio la pili ambalo ombi hilo linakatwa kabisa, kwa sababu hapo karani anastahili kuona ujumbe wa wazi kwamba hesabu haipatikani. Ukiwa hapo, kagua pia kwamba seva inalitoa faili hilo kwa aina ya `application/wasm`. Bila hiyo `instantiateStreaming`, fanksheni ya kivinjari inayokompaili faili likiwa bado linapakuliwa, hukataa, na msimbo wa kuunganisha unaotengenezwa na wasm-bindgen (chombo kinachounganisha Rust na JavaScript) huhamia kimyakimya kwenye njia ya polepole, ukiacha onyo tu kwenye konsoli. Majaribio hayo yaendeshe kwenye Chromium, Firefox na WebKit, kwani Playwright inazo zote tatu na makarani hawatumii simu za aina moja.