Kasoma paswedi yangu darasa zima, halafu eti mtaalamu wa usalama

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mwalimu wetu wa usalama wa kompyuta, mnamjua, yule wa "nimeanza kuandika kodi za kompyuta nyie hamjazaliwa", leo kanivua nguo hadharani.

Nilisahau paswedi ya ile programu ya kukusanyia kazi, aliyoiandika mwenyewe. Nikanyoosha mkono: mwalimu, naomba unisaidie niweke mpya. Hakuweka mpya wala nini. Kafungua hifadhidata kwenye projekta, ukutani, herufi kama bango la kampeni, akashuka na kidole mpaka kwenye jina langu, akarekebisha miwani, akasoma. KWA SAUTI.

"Mpenzirudi123."

Watu sitini! Akasoma! Halafu ananiuliza, "M kubwa au ndogo?"

Paswedi haitakiwi kusomeka hata na aliyeiandika programu. Unaipitisha kwenye bcrypt, njia ya kuisaga paswedi isirudishike, ambayo ipo tangu 1999, inatiwa chumvi, yaani herufi za kubahatisha, kinachobaki ni vurugu la herufi. Mtu akisahau anatumiwa kiungo aweke nyingine, basi. RockYou, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii, walipodukuliwa 2009, paswedi zaidi ya milioni 32 zilikutwa zimelala wazi hivi hivi, na mfano huo katufundisha YEYE, wiki iliyopita, anacheka. Leo kasoma. Na akarudia, maana wa nyuma hawakusikia.

Nukta_Mkato: Pole sana mkuu. Swali moja tu: alirudi?

Komeo: Tuanze na hiyo 123. Mwalimu kachemka, sawa, ila na wewe! Hiyo mdukuzi anaimaliza hajapiga hata mwayo.

Mleta mada: Komeo soma uzi. Tatizo si paswedi. Tatizo KASOMA.

Kizabizabina: Mimi nakaa nyuma. Ni kweli hatukusikia.

Mama Seva: Afadhali yenu. Kazini kwetu bosi wa TEHAMA anatubadilishisha paswedi kila siku 30. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishasema tangu 2017 watu wasilazimishwe kubadilisha ovyo, labda kuwe na dalili imevuja. Nikampelekea. Kanijibu, "hao ni Wamarekani". Sasa ofisi nzima paswedi ni jina la mwezi na mwaka. Ukiwa na kalenda umeshaingia kila mahali.

Komeo: Nyie mna kalenda. Kwetu ni karatasi chini ya kibodi.

Nukta_Mkato: Chini ya kibodi huo ni ulinzi bwana. Kwetu imebandikwa kwenye skrini, na mtu kaizungushia kalamu nyekundu ionekane.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Halafu, ile paswedi ni hiyo hiyo ya barua pepe yangu. Kuna shida?

Mama Seva: WEWE! Toka humu ukabadilishe sasa hivi! Kila akaunti na paswedi yake, ziwekwe kwenye programu ya kutunzia paswedi, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

Mleta mada: Nimejaribu. Inasema paswedi si sahihi.

Kizabizabina: Jaribu M ndogo. Mimi imenikubali.

Komeo: Mama Seva, hizo programu za kutunzia zinasaidia nini wakati fomu nyingine hazikubali kunakili na kubandika? Herufi 20 niandike kwa kidole?

Mama Seva: Usinikumbushe! Aliyebuni kuzuia kubandika nataka nimwone uso kwa uso. Juzi nimekosea mara tatu, wakanifungia akaunti.

Nukta_Mkato: Mara tatu? Mimi nilifungiwa na ile ya kuchagua picha za taa za barabarani. Nguzo inahesabiwa au haihesabiwi?

Komeo: Haihesabiwi.

Mama Seva: Inahesabiwa!