Gemu za risasi: ni ujuzi, au ni simu kali na bando?

Wakuu, habari za jioni.

Jana hapa Makole, Dodoma, kwenye benchi la fundi simu, kulizuka ubishi mpaka muuza kahawa akasahau nani kalipa na nani hajalipa. Bwana mdogo mmoja katoka wa kwanza kwenye Free Fire, gemu ya simu ya kupigana risasi mpaka abaki mmoja, kaua kumi na mmoja, anatembeza simu tuone. Mzee aliyekuwa anacheza bao pembeni akamwambia, "Mjukuu wangu, hapo umechezewa na mashine." Vijana wakamvaa. Mimi gemu hizi nacheza tangu chuo, na nasema mzee ana hoja kuliko tunavyopenda kukubali.

Free Fire mnashuka kisiwani watu 50, dakika kumi hivi mambo yameisha. Ukiacha mipangilio ya kulenga kama ulivyoikuta, ukifyatua tu shabaha inajivuta yenyewe kifuani kwa adui. PUBG Mobile mnaingia 100, lakini ukiwa mgeni wanakuchanganyia maboti, yaani wachezaji wa bandia wanaoendeshwa na gemu yenyewe, yanasimama uwanjani kama kuku wanaosubiri mtama. Wale kumi na mmoja wa dogo, wangapi walikuwa na mama? Duara la eneo salama, ambalo ukibaki nje yake unakufa, nalo linafunga linakotaka, na bunduki ni ile utakayoiokota.

Halafu mtandao. Mtu kuona kitu na kidole kubonyeza huchukua kama robo sekunde, yaani milisekunde 200 na ushee. Pingi yako, yaani milisekunde ambazo ishara inatumia kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, ikiwa 120 na ya mwenzako 30, ameshakupita kabla hamjaonana. Huo si ujuzi, ni mnara.

Ila kuna jambo moja lilinifanya nisimuunge mkono mzee moja kwa moja. Mwaka wa pili chuoni UDOM tuliunganisha kompyuta mpakato sita kwa waya chumbani, tukacheza Counter-Strike ile ya zamani. Bando halikuhitajika, pingi ya kusingizia haikuwepo. Kulikuwa na jamaa wa Kondoa, kompyuta yake feni inalia kama mashine ya kukoboa, kuliko zote ilikuwa mbovu. Alitupiga wiki nzima. Sisi tulikuwa tunakimbia huku tunafyatua, na kwenye gemu ile ukikimbia risasi za AK-47 zinasambaa hovyo. Yeye anasimama kwanza, anatoa mbili tatu, anaacha, anahama. Bunduki ikipanda, mkono wake unashusha mausi taratibu. Kubwa zaidi ilikuwa pesa. Kila raundi mnanunua silaha, nasi tukipata senti tunatapanya. Yeye akiwa upande wetu alikuwa anatukataza kununua kabisa, tufe na bastola raundi moja, ili inayofuata tuje na bunduki za maana wote kwa pamoja. Siku ile ningekuwa na yule mzee wa bao ningemwita aone.

Kwa hiyo msimamo wangu: ujuzi upo, ila bao lina kete 64 na zote mnaziona. Gemu ya risasi ni karata. Fundi wa karata anaweza kufungwa usiku mmoja na mtu aliyeanza juzi, ila mwisho wa mwezi hesabu inamrudia. Picha ya ushindi mmoja, dogo, haithibitishi kitu. Karibuni mnirekebishe.

Wa Nkuhungu: Mkuu, dogo mwenyewe ndiye mimi. Shikamoo, lakini umeonea. Shabaha inajivuta kifuani, sawa, sasa kichwani inafikaje? Unavuta kitufe cha kufyatua kwenda juu, kwa kasi maalumu. Ukivuta sana inapita juu ya kichwa, ukivuta kidogo inabaki kifuani. Nimefanya zoezi hilo miezi. Bado ukuta wa barafu wa kujikinga: ukipigwa mgongoni unageuka na kuusimamisha kabla risasi ya pili haijakufikia. Boti linafanya hivyo?

Mama wa Kisasa: Mimi sijui kulenga. Ninachojua, wangu wa darasa la saba anavaa hedifoni anasikia hatua za adui ghorofa ya chini, upande wa kushoto. Nikimwita kula mlango wa pili, hasikii.

Mwanzisha mada: Marahaba, dogo. La kuvuta kitufe nimekubali, pale nilikosea, nilihukumu gemu kwa nusu yake. Dada wa Kisasa pia katoa hoja nzito, masikio ni nusu ya vita. Lakini la simu na mtandao silirudishi nyuma. Jumamosi njoo benchini, tucheze mechi kumi: tano kila mtu na simu yake, tano tumebadilishana. Mzee atahesabu.

Wa Nkuhungu: Mechi kumi poa. Kubadilishana simu hapana mkuu, hiyo yako inagandaganda.